Sifa za Anayefukua Kisima

Historia ya Tabora imeandikwa kwa majina ya waliopita njia. Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857. Livingstone na Stanley walikaa Kwihara mwaka 1872, na tembe walimokaa leo ni makumbusho. Lakini misafara ya Bagamoyo na Ujiji haikupita ilikopenda, ilifuata maji. Ndiyo maana Mgunda Mkali, ile nyika kavu iliyotangulia Unyamwezi, iliwatia wapagazi hofu, na Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, ikawa mahali pa kutua mizigo na kupumzika. Aliyetoka nyikani na kiu yake hakuuliza kisima kilichimbwa na nani, aliuliza kama kina maji. Jibu la swali hilo limo mikononi mwa mtunzaji zaidi kuliko mchimbaji, ingawa sifa zote tumezoea kumpa mchimbaji.

Tazama kinachotokea katika kisima cha nyumbani. Mvua za Tabora huanza Novemba na kukoma Aprili au Mei, kisha ni kiangazi kitupu. Maji hushuka, mchanga mwembamba hujipenyeza kwa chini, na kila ndoo inayogonga ukuta huangusha udongo kidogo. Tope likikaa, mishipa ya maji huziba, na mwenye nyumba hutangaza kwamba kisima kimekauka, kumbe kimeziba tu. Fundi anayejua kazi huja Oktoba, maji yakiwa chini kabisa, wala haharakishi kushuka. Huteremsha kwanza kibatari kwa kamba. Kikizimika, chini kuna hewa mbaya na hakuna wa kuingia. Kikiendelea kuwaka bado hajiamini, hujifunga kamba kiunoni na kuacha watu juu. Pampu ya petroli hairuhusu ishushwe humo hata kidogo, kwa sababu injini hutoa gesi inayoua isiyo na harufu, na kibatari hakiioneshi. Ndipo hufukua tope, ndoo baada ya ndoo, akipapasa ukuta kutafuta tofali lililolegea. Akishapanda juu, hukagua sakafu ya saruji inayozunguka mdomo. Ufa usiopitisha hata ukucha unatosha kurudisha kisimani maji ya kufulia na kinyesi cha kuku. Mwisho hutundika kamba na ndoo moja isiyowekwa chini kamwe. (Visima vingi huchafuliwa na ndoo za majirani wema.)

Wapo watakaosema kazi hii imepitwa na wakati: mji una bwawa la Igombe, na miaka ya karibuni bomba la Ziwa Victoria limefika kupitia Nzega kwa mkopo wa India. Hoja hiyo ina uzito, na kwa kunywa, maji ya bomba yaliyotibiwa ni bora. Lakini bomba hukatika na bili hulimbikizwa, na bustani nayo hainywi bure. Wengine husema tia klorini, yamekwisha. Klorini huua vijidudu vya leo. Haizibi ufa, na kisimani penye tope jingi nguvu yake huishia kwenye tope hilo.

Pingamizi gumu zaidi ni la choo cha shimo. Ushauri wa kawaida ni kuacha angalau mita 30 kati yake na kisima, na viwanja vya mjini mara nyingi havina nafasi hiyo. Hapo usafi wote wa mdomo na ukuta haufui dafu, maana uchafu hupita ardhini. Sidhani kwamba hili linaushusha ufundi. Kujua kisima kisichofaa ni sehemu ya ufundi wenyewe, tena sehemu yake ngumu, kwani fundi anayesema hivyo hujinyima kazi ya mwakani. Hata kukifunga kunahitaji mjuzi: kisima kilichotelekezwa kikageuzwa jalala hupeleka uchafu moja kwa moja kwenye maji ya jirani, na mtoto anaweza kutumbukia. Kisima cha namna hiyo hujazwa udongo safi na kushindiliwa, juu ukiwekwa wa mfinyanzi.

Basi mwenye kisima amwite fundi kabla ya Novemba, asimwache ashuke bila watu wa kushika kamba, na amlipe ujira wake wote hata akiambiwa kwamba maji hayo ni ya kufulia tu.