Nakshi na Kazi ya Chungu

Wachunguzi wa mambo ya kale wamezoea kuvipanga vyungu vya pwani yetu kwa nakshi. Vile vya karne ya 7 hadi ya 10, Felix Chami ameviita kwa mikato yake ya pembetatu. Jina hilo halina ubaya. Lakini ni jina la aliyeokota kigae, si la aliyepika.

Lugha yenyewe hutaja kazi kwanza: mtungi ni wa maji, kikaango ni cha kukaangia, chetezo ni cha kufukizia ubani, na mkungu wa kulia si mkungu wa kufunikia. Mwenye kuhukumu nakshi hana budi kuanzia hapo. Mikato ile, kwa kawaida, imekaa shingoni na begani. Tumbo, ambalo ndilo likaalo motoni na kushika masizi, limeachwa tupu. Kwa hiyo pambo halikutiwa juu ya kazi, bali limefuata njia iliyoachwa na kazi.

Nasi watu wa lugha tuna kosa letu. Twaandika "chombo cha udongo", kisha twapita, kana kwamba vyombo hivi vyote ni kimoja. Sufuria imekwisha kushika mahali pa chungu katika majiko mengi, na chombo kikiondoka, jina lake hukifuata. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Tusipoyaandika majina hayo na kazi zake sasa, tutakuwa kama mfinyanzi aliaye gaeni.