Protini ya Lebo na Protini ya Kikombe: Funzo kwa Wasanifu wa Istilahi

Wapo wanaodhani kwamba kazi ya msanifu wa istilahi hukoma pindi neno la kigeni linapopatiwa neno la Kiswahili. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hapo ndipo kazi inapoanza, na kwamba istilahi isiyo na fasili yaweza kumtia hasara mnunuzi. Mfano wetu ni mashauri yaliyofunguliwa Marekani kuhusu lebo za unga wa protini unaotumiwa na wanamichezo, hususan watunisha misuli.

Chimbuko la mashauri hayo ni namna protini inavyopimwa. Njia iliyoenea, ambayo msingi wake uliwekwa na Johan Kjeldahl wa Denmark mwaka 1883, haipimi protini yenyewe. Hupima nitrojeni, kisha kiasi kilichopatikana huzidishwa kwa 6.25, kwa kuwa nitrojeni huchukuliwa kuwa asilimia 16 hivi ya uzito wa protini. Kanuni za Marekani zinaruhusu hesabu hiyo katika lebo za vyakula. Lakini nitrojeni haimo katika protini peke yake. Imo pia katika kreatini, katika taurini, na katika asidi amino zilizo huru kama vile glisini. Mtengenezaji akivichanganya vitu hivyo katika unga, kipimo kitavihesabu vyote kuwa protini.

Madhara ya udhaifu huu si ya mfuko tu. Mwaka 2008 nchini China, maziwa ya watoto wachanga yalitiwa melamini, kemikali yenye nitrojeni nyingi, ili yaonekane kuwa na protini ya kutosha. Watoto wapatao 300,000 waliugua, na 6 wakafa. Kreatini na glisini hazina sumu ya namna hiyo. Hata hivyo mlango uliopitiwa ni ule ule, yaani neno moja kubeba dhana mbili.

Turudi katika mashauri yetu. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tisa nchini Marekani iliamua rufaa iliyohusu unga wa kampuni ya MusclePharm. Lebo ilitaja gramu 40 za protini ya nyama ya ng'ombe na ya laktoferini. Mdai alieleza kwamba sehemu ya kiasi hicho ilitokana na kreatini na asidi amino huru. Mahakama ilisema kwamba, kwa kuwa kanuni zinaruhusu hesabu ya nitrojeni, dai la kuzidishwa kwa kiasi halingeweza kusimama. Lakini dai kwamba lebo ilimpotosha msomaji kuhusu asili ya protini hiyo liliruhusiwa kuendelea. Haikuamua kwamba kampuni ina hatia. Ilichokiri ni kwamba tarakimu yaweza kuwa halali huku maneno yanayoizunguka yakipotosha.

Je, Kiswahili chetu kimejiandaa kwa shauri kama hilo? Tuanze na neno «viungo», ambalo wafasiri wengi wa lebo hulitumia kwa vitu vilivyomo katika bidhaa. Jikoni, viungo ni iliki, mdalasini na bizari. Uwanjani, viungo ni mikono na miguu, ndiyo maana tukasema mazoezi ya viungo. Mwanamichezo akisoma «viungo» kwenye kopo la unga wake, asome kipi? Neno «viambato» tunalo, halina utata huo, na hapana sababu ya kuliacha.

Kuhusu «protini», kosa ni kubwa zaidi, maana neno lenyewe halina kasoro. Kilichokosekana ni mpaka wake. Yafaa neno hilo likisimama peke yake limaanishe asidi amino zilizoungana katika mnyororo, basi. Pale tarakimu inapotokana na hesabu, lebo iandike «protini kwa kipimo cha nitrojeni». Asidi amino huru zitajwe mbali, pamoja na uzito wake.

Huenda mtu akapinga kwamba maneno hayo ni marefu, na kopo ni dogo. Pingamizi hilo lina uzito, kwani istilahi ndefu aghalabu hukataliwa na watumiaji. Lakini ufupi unaomficha mnunuzi kile anachokinywa si sifa ya istilahi. Mwanasheria ataweza kutafuta maana ya neno katika kanuni, na mkemia katika maabara. Kijana aliyejinyima ili anunue kopo moja la unga hana kanuni wala maabara. Ana lebo tu. Fasili zetu hazina budi kuandikwa kwa kumkumbuka yeye.