Nyuzi 18 za Ofisini Zimetoka Wapi?

Ofisi nyingi za Geita mjini au Shinyanga ukiingia mwezi wa kumi, jua linawaka, unamkuta katibu muhtasi amejifunika mtandio. Rimoti inasoma 18, madirisha yamefungwa, bosi kavaa koti. Ukiuliza, utajibiwa kwamba huku bila AC hakukaliki.

Wakosoaji wa viyoyozi hupenda kumlaumu P. O. Fanger, mtafiti wa Denmark, ambaye kitabu chake cha 1970, Thermal Comfort, ndicho chimbuko la viwango vingi vya joto la majengo. Lakini tumsome vizuri jamani. Mtu aliyekaa, mwenye nguo nyepesi, Fanger alimkuta akiridhika kwenye nyuzi 25.6 hivi. Hiyo 18 haikutoka kwake.

Kasoro yake iko kwingine. Mtu wake wa maabara hafungui dirisha, hawashi feni, havui koti. De Dear na Brager, mwaka 1998, walikusanya majibu ya watu walio kwenye majengo halisi, wakaona kwamba penye madirisha yanayofunguka, joto linalowaridhisha watu hufuata joto la nje. Kwa mlinganyo wao, wastani wa nje ukiwa nyuzi 25, watu wanane kati ya kumi wataridhika ndani hata kwenye nyuzi 29.

Kwa hiyo 18 ni mazoea. Wengi huishusha wakiamini chumba kitapoa upesi. Kwa mashine zetu za kawaida si kweli: kompresa hufanya kazi kwa nguvu ileile, 18 inaichelewesha tu kuzima, na luku inakwisha. Halafu kuna cheo. Baridi ya ofisi imekuwa kama zulia.

Chini ya ardhi Bulyanhulu sibishani. Mwamba na mitambo vinatoa joto, hewa ya kusukumwa ni uhai. Ila Shinyanga mjini iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi hewa ya nje ni ya bure.

Mchimbaji mdogo akitoka duarani Nyarugusu, shati limelowa jasho, akaja kuulizia leseni, anatetemeka kwenye benchi: jasho linalokauka linamnyang'anya joto haraka. Mlinganyo wa Fanger unadhani mwili umeshatulia. Huyu bado anahema.