Kambare: Sinema ya Mapenzi ya Uongo

Mwaka 1897 Mfaransa Edmond Rostand alileta jukwaani mchezo wa Cyrano de Bergerac, ambamo mtu mwenye pua kubwa huandika barua za mapenzi kwa jina la kijana mwenye sura nzuri asiyejua kusema. Hila ile ilihitaji giza la usiku na rafiki wa kuazima uso. Siku hizi nyuso zaokotwa katika intaneti kama kuni msituni. Sinema ya Kimarekani iitwayo Catfish, yaani Kambare, iliyotolewa mwaka 2010 na Henry Joost na Ariel Schulman, yaonyesha hila hiyo katika zama zetu.

Nev Schulman, nduguye Ariel, alikuwa mpiga picha mjini New York. Siku moja alipelekewa mchoro wa rangi ulioigwa kutoka picha yake, akaambiwa mchoraji ni mtoto wa kike wa miaka minane katika jimbo la Michigan. Kwa njia ya Facebook akajuana na mama wa mtoto, kisha na dada yake Megan, msichana wa sura ya kupendeza, mwimbaji. Wakaandikiana, wakazungumza kwa simu, moyo wa kijana ukanaswa. Kilichofichua uongo ni nyimbo: zile alizodai Megan kuziimba zilionekana katika intaneti, sauti za watu wengine. Vijana wakafunga safari. Walikuta shamba tupu, na katika sanduku la posta kadi za Nev zimelala bila kuchukuliwa.

Megan yule wa picha hakuwa binti wa nyumba ile. Sauti ya simu ilikuwa ya mama mwenyewe, mke wa mtu, aliyekuwa akiwauguza watoto wawili wa mumewe wenye ulemavu mkubwa. Michoro pia ilikuwa kazi ya mkono wake.

Hapa ndipo sinema ilipo bora. Watengenezaji wangaliweza kumcheka mwanamke huyu, hawakumcheka. Wamemwacha aseme, na mtazamaji aliyekuja kumhukumu ajikuta akimsikiliza. Lakini sehemu ya kwanza yakosa adabu hiyo. Safari ya usiku kwenda shambani yaonyeshwa kama hadithi ya majini, nasi twatiwa hofu ya mtu ambaye baadaye twatakiwa kumwonea huruma.

Tena watazamaji wengi walishuku kwamba vijana wale waliujua ukweli mapema kuliko walivyoonyesha. Wao walikana. Sina haki ya kuwaita waongo. Lakini Nev alikuwa na udhuru wa mapenzi, na wenzake wawili walioshika kamera hawakuwa wakimpenda Megan. Mbona nao walikawia hivyo kuuliza? Sinema ihubiriyo uchunguzi wa nyuso haina budi kuruhusu uso wake uchunguzwe.

Kasoro kubwa kuliko hizo, kwa maoni yangu, ni juu ya mwanamke wa tatu, yule mwenye picha. Hakumwandikia Nev hata neno moja, wala hakuomba kupendwa naye, na uso wake ulikopwa pasipo ruhusa. Sinema yampitia upesi, kana kwamba walioumia ni wawili tu. Katika Kenya, sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 yahesabu kujifanya mtu mwingine kwa hila kuwa kosa.

Jina la sinema latokana na kisa alichokieleza mume wa yule mama. Samaki wa bahari ya baridi, asema, walipokuwa wakisafirishwa hai walilegea, hata wakatiwa kambare wa kuwauma ili wachangamke. Na katika maisha wapo watu wa namna hiyo. Alikusudia kumsifu mkewe. Kisa ni kitamu, bali chamwachilia mwumaji upesi mno, kwani samaki walioumwa hawakuulizwa. Mvuvi wa Kisumu angetoa sababu nyingine ya jina hilo: kambare hukaa matopeni, na maji yakitibuka haonekani. Walimwengu nao wameelekea kwa mvuvi, maana tangu sinema hiyo Waingereza na Wamarekani humwita kambare kila ajifichaye nyuma ya uso wa mwenziwe, na sifa ya mume imekuwa tusi.