Kupe Kabla ya Mti

Kila Machi, siku ya wanawake ikifika, shuleni kwetu tulipewa miche. Tupande kama Wangari Maathai, mwalimu alisema. Tukapanda, tukapigwa picha, tukarudi darasani kipindi cha bayolojia kimeshaisha. Hakuna aliyetuambia kwamba huyo mama mwenyewe alisomea bayolojia.

Nimelijua hilo ukubwani, kwa kusoma Unbowed, tawasifu yake ya 2006. Wengi hukisifu kitabu hiki kwa visa vya Uhuru Park na Karura, na kusema ukweli vinasisimua. Ila mimi narudi kila mara kwenye kurasa za kupe.

Mapema miaka ya 1970 Maathai alikuwa mhadhiri wa anatomia ya wanyama Chuo Kikuu cha Nairobi. Akichunguza ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, alienda mashambani kuwakusanya hao kupe. Huko akaona mito imejaa tope na ng'ombe wamekonda mbavu nje. Akaanza kushuku kwamba ardhi inayokufa ni tishio kubwa kuliko kupe. Baadaye wanawake wa vijijini wakasema wamekosa kuni na maji, naye akaunganisha mambo. Kwa hivyo ile miti tunayoipigia makofi ilianza na jicho la mtafiti.

Kitabu hakifichi gharama yake. Januari 1966, ametoka Marekani na shahada ya uzamili, anaripoti kazini chuoni na barua mkononi, anaambiwa nafasi amepewa mwingine. Yeye anaona ni ukabila na jinsia. Aliyemwinua ni Reinhold Hofmann, profesa Mjerumani, na hakumwinua kwa hotuba: alimpa kazi. Mwaka wa 1971 akapata uzamifu, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati. Hata hapo, yeye na mwenzake Vertistine Mbaya walilazimika kupigania marupurupu sawa na ya wanaume, maana mwanamke aliyeolewa alihesabiwa kuwa nyumba ataipata kwa mumewe.

Lalamiko langu ni moja: kitabu kinapita maabara mbiombio. Utafiti wake wa uzamifu, kuhusu viungo vya uzazi vya ng'ombe, unapewa nafasi finyu mno. Nilitaka kumwona ameinamia hadubini, anakosea, anarudia. Msichana anayehangaika na bayolojia leo angejiona hapo kuliko kwenye jukwaa la Nobel.

Namsema msichana ninayemjua. Binti ya dada yangu yuko kidato cha tatu, na ameshaambiwa sayansi si ya wasichana. Nimemtumia kitabu, nimekunja ukurasa wa kupe. Jana akaniandikia: "Kwani Anti, alikuwa daktari wa ng'ombe?"

Karibu, nikamjibu. Endelea kusoma.