Alama 4 kati ya 124: kipimo kinachojua goti na kusahau mwendo

Mtu mwenye hemofilia akifika kliniki, swali kubwa ni hili: viungo vyake vinaendeleaje? Sehemu nyingi duniani jibu hutoka kama namba moja, kutoka kwenye kipimo kinachojulikana kwa kifupi kama HJHS. Leo tunakikosoa. Ni kipimo kizuri, na ndiyo maana kinaaminiwa hata pale ambapo hakitoshi.

Tukumbushane kidogo. Hemofilia ni ugonjwa wa kurithi ambapo mwili una upungufu wa protini ya kugandisha damu, yaani fakta VIII au fakta IX. Kwa wenye hali kali, kiwango cha protini hiyo huwa chini ya asilimia 1 ya kawaida, na damu inaweza kuvujia ndani ya kiungo hata bila mtu kuumia. Wahanga wakubwa ni magoti, viwiko na vifundo vya miguu. Madini ya chuma yaliyomo kwenye damu huuchokoza utando wa ndani wa kiungo, utando unavimba, na ukishavimba unavuja kirahisi zaidi. Mchezo huo ukijirudia, gegedu inalika. Na gegedu ikishalika, ndiyo basi.

HJHS ilitengenezwa hasa kwa watoto wa miaka 4 hadi 18, ili kukamata uharibifu mapema. Mtaalamu wa fiziotherapia anakagua viungo sita: viwiko, magoti na vifundo vya miguu. Anaangalia uvimbe na muda wake, kusinyaa kwa misuli, mkwaruzo kiungo kinapokunjwa, kiasi cha mkunjo na mnyoosho kilichopotea, maumivu na nguvu. Kila kiungo kinapewa 0 hadi 20. Mwisho mgonjwa anatembea, anapanda ngazi, anakimbia na kuruka kwa mguu mmoja. Hapo anapewa 0 hadi 4. Jumla kuu ni 124, na namba ikipanda ujue hali inazidi kuwa mbaya.

Uzuri wake uko wazi. Hakihitaji umeme wala mashine ya gharama. Mikono iliyofundishwa na kifaa cha kupimia pembe vinatosha. Tena kinagusa mambo ambayo eksirei haioni mapema.

Sasa twende kwenye kasoro. Ya kwanza ni hesabu yenyewe. Tuseme kijana mmoja ana alama 2 kwenye kila kiungo, jumla 12, na anatembea vizuri tu. Mwenzake ana viungo vitano vizima, lakini kifundo kimoja cha mguu kina alama 12 na hawezi hata moja kati ya yale majaribio manne bila shida. Wa pili anapata 16. Tofauti yao ni alama 4 kati ya 124. Ukisoma namba hizo kwenye jedwali utadhani wanakaribiana, wakati mmoja anacheza mpira na mwingine anahesabu hatua za kufika kituo cha daladala.

Ya pili: alama ya mwendo inahesabu ni majaribio mangapi yameshindikana kufanyika kikawaida, bila kujali yameshindikana kwa kiasi gani. Anayechechemea kidogo katika yote manne anapata 4. Anayetembelea magongo, naye 4. Akiacha magongo baada ya miezi sita ya mazoezi lakini bado anachechemea, alama hiyo haisogei. Juhudi zake zote hazionekani hapo.

Ya tatu: nyonga haimo. Damu ikivujia kwenye msuli mkubwa unaokunja nyonga, mtu anashindwa kunyoosha mguu na anatembea ameinama, na kati ya viungo sita vinavyokaguliwa hakuna kinachoeleza sababu.

Je, kuna njia nyingine? Ipo. Watafiti wa Vellore, India, walitengeneza kipimo kiitwacho FISH, kinachouliza mtu anaweza kufanya nini. Kina shughuli nane: kula na kujitunza, kuoga, kuvaa, kuinuka kwenye kiti, kuchuchumaa, kutembea, kupanda ngazi na kukimbia. Kila moja inapewa 1 hadi 4 kulingana na msaada anaohitaji, na mwenye 32 anajitegemea kabisa. Hebu tazama hapo kwenye kuchuchumaa. Kwa mtu anayetumia choo cha shimo, kukosa kuchuchumaa ni shida ya kila siku, na fedheha juu yake.

FISH nayo ina upofu wake. Mtoto anaweza kupata 32 huku kiungo kimeshaanza kuharibika kimyakimya. Si jambo la kubuni: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007, uliofuatilia wavulana 65, ulikuta kwenye picha za MRI uharibifu katika viungo ambavyo havikuwahi kuonyesha dalili ya kuvuja damu.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Kwa mtoto aliyeanza tiba ya kinga mapema, HJHS ibaki mbele, ikisaidiwa na ultrasaundi inapopatikana. Kwa vijana na watu wazima waliochelewa kupata tiba, kama ilivyo kwa wengi Afrika Mashariki, kuandika HJHS peke yake ni kuandika nusu ya habari. Iongezwe FISH, na muda wa kutembea mita 10 kwa saa ya kawaida. Alama za kila kiungo ziandikwe pembeni ya jumla, zisimezwe nayo.

Na wewe msomaji, ukikuta ripoti inasema dawa fulani "imeboresha viungo", uliza: kiungo gani, na mtu huyo sasa anaweza kufanya nini ambacho mwaka jana hakuweza?