Miaka ya Hamsini ya Nani?

Pekua picha za nyumba za kukodisha wikendi kule Naivasha na utaiona, haikosi: friji ya pembe za mviringo, rangi ya mnanaa au pinki iliyofifia, na mkono wa chuma unaong'aa kama wa mlango wa gari kuukuu. Kando yake kuna birika la umeme la rangi hiyo hiyo, na tosta. Maelezo chini ya picha yanasema jikoni ni ya kizamani. Siku hizi mtindo huo umepanda barabara hadi Nakuru, na ukiwa na rafiki anayehamia keja mpya Milimani au Section 58, bila shaka ameshakutumia picha akiuliza, "Unaonaje?"

Naona ni nzuri. Tuanzie hapo, kwa sababu wengi wanaoiponda friji hii wanaiponda kwa wivu. Fleti zetu mpya zina jikoni za aina moja: granaiti ya kijivu, kabati nyeupe, taa nyeupe, sinki ya chuma. Ukisimama humo usiku unahisi uko kwenye chumba cha sindano. Weka kitu kimoja cha rangi ya ndimu na ghafla pale pana mtu anayeishi. Friji nyeupe haijawahi kumwambia mgeni neno lolote.

Shida yangu iko kwenye hilo neno "kizamani". Zamani gani, na ya nani?

Rangi hizi zina historia inayojulikana vizuri. Mwaka 1955 kampuni ya KitchenAid ilianza kuuza mashine zake za kuchanganyia unga kwa rangi, pinki ikiwemo, na wenye friji na majiko wakawa kwenye mbio hizo hizo. Marekani ilikuwa imetoka vitani ikiwa na pesa, viwanda na nyumba mpya za pembezoni mwa miji. Baadaye, miaka ya sitini na sabini, pinki ikaonekana ushamba, ikaja kijani cha avokado na manjano ya mavuno. Huo ulikuwa ujanja wa biashara. Friji ya wakati ule ilidumu miaka mingi, kwa hivyo njia ya kumfanya mama wa nyumba anunue nyingine kabla ya ile kuharibika ilikuwa kuifanya ionekane imepitwa.

Na ile friji maarufu ya Smeg ambayo nyingi za hizi zinaiga? Ni ya Italia, mtindo wa FAB28, na ilitoka mwaka 1997. Yaani huyu mzee mnayemheshimu ni Gen Z.

Sasa rudi 1955, lakini usiende Ohio. Baki hapa. Huo ulikuwa mwaka wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 na kudumu hadi 1960. Familia za Wakikuyu zilizokuwa zikiishi na kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi Bonde la Ufa zilikuwa zimekusanywa kwa maelfu na kurudishwa Mkoa wa Kati, wengi wao mahali ambapo hawakuwa na shamba wala nyumba. Hata jikoni ya mlowezi mwenyewe haikuwa na pinki. Mara nyingi ilikuwa kibanda nyuma ya nyumba kubwa, ndani mna jiko la chuma la Dover, jeusi, la kuni, na mpishi Mwafrika anayekohoa moshi. Kwa hivyo anayeweka friji ya mnanaa kwenye nyumba ya mawe kule Njoro na kusema amerudisha enzi, amerudisha enzi ya mtaa fulani wa Marekani ambao hapa haukuwahi kufika. Si dhambi. Lakini tuiite jina lake: ni seti ya filamu.

Maana jikoni zetu zilikuwa na rangi, tena nyingi. Kikombe cha enameli cheupe chenye ukingo wa bluu. Sahani ya enameli yenye maua mekundu katikati, ambayo mtoto hakupewa mpaka wageni waende. Beseni za plastiki za kila rangi, kila moja na kazi yake, na ole wako uoshee soksi kwenye ile ya mboga. Halafu malkia mwenyewe, themosi ya Kichina ya maua ya waridi, yenye kifuniko kinachogeuka kikombe.

Rangi hizi zilikuwa na kazi. Weupe wa enameli unakuonyesha kama maziwa yameacha masizi, na ukingo wenye rangi unakuambia kikombe ni cha nani. Kikianguka kinameguka, na lile doa jeusi linabaki kama tarehe ya siku hiyo. Themosi nayo, ukiwa Molo ambako asubuhi ina meno, unachemsha chai mara moja alfajiri na saa nne bado inaunguza ulimi. Ni sayansi ya James Dewar ya mwaka 1892, chupa mbili za kioo na utupu katikati, na stima ikipotea haina habari.

Kuna jambo lingine, na sitalipamba. Mapema mwaka 2008, wakati watu walipokimbilia uwanja wa maonyesho wa Nakuru, malori yalipita na magodoro, sufuria na beseni. Kitu kisicho na waya hubebeka. Kwa nyumba kadhaa za huku kwetu, kikombe kimoja kilichomeguka ndicho kitu cha zamani pekee kilichobaki, na hakuna mtu aliyekipiga picha.

Tuje kwa matumizi, kwa sababu rafiki yako bado anasubiri jibu. Friji mpya ya sura ya kizamani ni friji ya kisasa ndani, itafanya kazi. Ila bei yake ni mara kadhaa ya friji nyeupe ya ujazo uleule, na nyingi zina mlango mmoja na kijifriza kidogo juu. Kama unanunua sukuma na maziwa ya wiki nzima Jumamosi, utaijaza kabla hujafungua mfuko wa pili.

Ile ya kizamani kweli ndiyo mtego. Ikiwa imetoka Marekani inataka volti 120 na hezi 60, na soketi yako inatoa 240 na 50. Transfoma itashusha volti lakini haitagusa hezi, kwa hivyo mota itazunguka polepole na kupata joto. Ya Uingereza itaingia kwenye soketi bila shida, lakini waya zake zimekauka na gesi yake huenda ni R-12, mojawapo ya zile zilizopigwa marufuku na Mkataba wa Montreal wa 1987, huku nchi kama yetu zikipewa hadi 2010 kuachana nazo. Muulize fundi wa friji na usikilize atakavyocheka.

Vya zamani vinavyofaa ni vile visivyo na plagi: mashine ya mkono ya kusaga nyama, mizani, birika la enameli la kumimina chai. Ila kama enameli imemeguka ndani, iwekee maua, usipikie.

Na kabla ya kutuma pesa kwa yule muuzaji wa mtandaoni, mpigie shosho. Muulize themosi ya waridi iko wapi, na kama amempa mwenye mkokoteni wa vyuma vikuukuu, amempa lini na alielekea wapi. Kioo cha ndani kikiwa kimevunjika usijali. Hicho hubadilishwa.